Saodat Aliyemwacha Msafiri Njiani

Tarehe 30 Aprili mwaka huu, baada ya miaka thelathini na minne katika redio yetu ya Margilan, Saodat Yuldasheva anastaafu. Kila Alhamisi alasiri alitusomea hadithi fupi hewani, na kwa muda huo mji mzima wa wafuma hariri ulikuwa kama unaota macho wazi.

Alikuja kwetu kusoma taarifa za hali ya hewa. Hadithi alikabidhiwa baada ya msomaji wa zamani kuhamia Tashkent. Uandishi hakufundishwa na mtu. Alikaa chini ya mzabibu uani kwake, akiirudia hadithi mpaka chai ikapoa, akijiuliza kwa nini mwandishi ameanzia jikoni na si barabarani, na kwa nini mwenye huzuni amepewa karoti za kumenya. Siku moja, hewani, alifika mahali hadithi inaponyamaza, naye akanyamaza muda mrefu hata fundi mitambo wetu, Botir, akaanza kutikisa nyaya.

"Dada Saodat, tulikatika?" alimuuliza baadaye.

"Hapana. Yule mama wa hadithini alikuwa anafikiri, nikamngoja."

Miaka ikapita, naye akaandika hadithi yake mwenyewe. Ilihusu mama ambaye mwanawe alikwenda Urusi kutafuta kazi, habari zake zikapotea. Kabla ya kuondoka, kijana aliung'ata mkate kidogo, kama wafanyavyo wasafiri wetu, na uliobaki ukatundikwa ukutani kumngoja. Sote tulijua ni habari ya shemeji yake, Jahongir. Tulijua pia kwamba mama mkwe wake, Bi Robiya, aliyemzaa Jahongir, hakikosi kipindi.

Mkuu wa vipindi, Bwana Hoshimov, alitaka kijana arudi. "Watu wamechoka, dada. Mlete nyumbani, wafurahi."

Saodat aliuandika mwisho huo, lakini kila akiusoma kwa sauti alikomea katikati. Basi akazirudia hadithi ambazo wasikilizaji walikuwa bado wakizitaja sokoni miaka mingi baadaye. Akaona nyingi ziliishia mlango ukiwa haujafunguliwa. Akafuta kurudi kwa kijana, akambakisha mama akipangusa vumbi kwenye mkate, huku maua ya mwaprikoti yakipeperuka na kuingia dirishani.

Aliisoma bila kumtaja mwandishi. Kisha akaogopa kwenda nyumbani. Alizunguka soko la hariri akishika vitambaa asivyovinunua. Alipoingia hatimaye, Bi Robiya alimmiminia chai.

"Hukumfikisha," alisema.

"Sikumfikisha, mama. Nisamehe."

"Afadhali. Ungemleta leo, kesho ningemngoja nani?"

Saodat alitusimulia hayo miaka mingi baadaye, Bi Robiya alipokuwa ameshafariki, na Botir akajifanya anatafuta bisibisi.

Tangu siku ile ameandika hadithi nyingi, na waandishi chipukizi waliomjia kuomba siri ya uandishi waliondoka na hadithi za wengine mkononi na agizo la kuzisoma tena.

Asante, Saodat, kwa sauti yako na kwa subira yako. Kipindi sasa anakipokea Nodira, nawe hukuwahi hata mara moja kukisikiliza ukiwa nyumbani. Alhamisi ijayo utaketi, utawasha redio, na hutajua hadithi itaishaje. Tunakutakia uzima, na alasiri ndefu za namna hiyo.