Nilimwita Mama Mkwe Mchawi Chini ya Mlima wa Moto

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe tena na ninyi mliotoka Nyamianda kwa miguu asubuhi hii, na ninyi wa nyuma mliokosa viti!

Wengi hapa Kasenga mnanijua kwa jina la Mama Solange, yule anayeuza mchele wa Kiringye. Leo sikusimama kusema habari za mchele. Nimesimama kusema namna Mungu alivyonitoa katika mauti ya hewa isiyoonekana, na katika uovu uliokuwa moyoni mwangu, ambao ulikuwa mbaya kuliko ile hewa.

Mimi ni mtoto wa Kiringye, huko uwandani mwa Ruzizi. Nilikulia kwenye mpunga, mahali ambapo ardhi ni tambarare na udongo ni laini. Nilipoolewa na Bahati, fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao zinazobeba viazi na makaa, alinichukua kwao, kijijini chini ya mlima Nyiragongo. Ndugu zangu, mlima ule uko hai! Mchana unatoa moshi, jioni wingu la juu yake linakuwa jekundu. Nyumba zimejengwa juu ya mawe meusi yanayokata viatu. Ukitaka kupanda maharage, unatafuta udongo kwa vidole kati ya jiwe na jiwe. Majivu yakianguka, hata maji ya mvua yanayotoka kwenye bati yanakuwa makali, unanawa uso na macho yanawasha. Wenyeji walikuwa wamezoea. Walilima, walioa, walicheka. Mimi ndiye niliyeruka kila ardhi ilipotikisika.

Tuliishi kiwanja kimoja na mama mkwe wangu, Mama Sifa, mjane mrefu wa maneno machache. Wiki ya kwanza tu alinionyesha bonde dogo nyuma ya nyumba, shimo pana lenye majani mabichi mazuri, akaniambia:

"Weye mutoto, kule usishuke asubuhi, wala siku hakuna upepo. Kuko mazuku. Inaua."

Nikamwuliza mazuku ni kitu gani.

"Ni hewa ya mulima. Haina rangi, haina harufu. Inalala chini kama maji."

Nikacheka moyoni. Hewa inalala? Kwetu Kiringye tunajua mamba wa Ruzizi, tunajua kipindupindu, lakini hewa inayolala hatuijui. Nikafikiri mama huyu ananitisha tu, mbuzi wangu wasile majani yake.

Mwaka wa pili mbuzi wangu wawili wakashuka mle. Tuliwakuta wamekufa, hawana jeraha, majani bado yako mdomoni. Siku chache baadaye nilitoka nje alfajiri, nikamwona Mama Sifa amesimama kwenye ukingo wa lile bonde. Ameshika fimbo ndefu iliyofungwa kitambaa kinachowaka. Anaishusha polepole, moto unazimika. Anaiinua, anawasha tena, anashusha, unazimika. Na midomo yake inasogea. Ndugu zangu, moyo wangu ukasema: huyu ndiye aliyeua mbuzi wangu!

Sikumwuliza. Hapo ndipo nilipopotea. Kumwuliza kungechukua dakika moja tu! Badala yake nilikwenda kwenye kikundi chetu cha maombi, nikasimama mbele ya watu kama nilivyosimama leo, nikasema nimemwona mama mkwe akifanya uchawi kwa moto. Tena nikaongeza chumvi. Nikasema alikuwa anataja jina la mtoto wangu Solange. Hakulitaja! Neno hilo nililitunga papo hapo, kwa sababu niliona watu wananisikiliza, na nilipenda kusikilizwa.

Habari ikafika kwenye foleni ya maji kabla mimi sijafika nyumbani. Juma halikuisha, vijana wa kijiji wakaja mchana kweupe, wakavunja mlango wa Mama Sifa. Bahati alikuwa Goma kwenye kazi. Mimi nilisimama mlangoni kwangu na mtoto mgongoni, nikanyamaza. Mama Sifa akatoka na sufuria moja na blanketi. Alipopita mbele yangu hakunilaani. Alisema tu, "Mutunze mutoto. Asishuke kule." Na maneno hayo pia niliyageuza. Nilikwenda kusema ametutisha.

Akahamia peke yake kwenye kibanda cha kuwekea mahindi, upande wa pili wa bonde. Bahati aliporudi alilia kama mtoto. Alitaka kumrudisha mama yake, lakini vijana wakamwambia wataichoma nyumba yote. Basi akawa anampelekea chakula kila siku. Mimi nilimkataza Solange hata kumsalimia bibi yake. Msifikiri nilipata amani! Nilifunga, nilikesha, nilikemea mapepo mpaka sauti ikakauka. Nilikuwa ninamwita Mungu aniokoe na mama yule, kumbe mimi ndiye niliyehitaji kuokolewa.

Kisha ikaja asubuhi ile. Solange alikuwa na miaka minne. Mvua ilikuwa imenyesha, upepo umekufa kabisa, hata moshi wa jiko haukupanda, ulitambaa chini kwenye mawe. Mlima ulikuwa umenguruma siku tatu mfululizo. Nilikuwa ninaosha sufuria, na Solange anamfukuza kuku uwanjani. Nilipoinua kichwa sikumwona kuku, sikumwona mtoto. Nikakimbia nyuma ya nyumba. Chini kwenye majani mabichi niliona gauni lake la manjano. Amelala kifudifudi. Nikaita. Hakutikisika.

Nikajitupa kwenye mteremko. Nilipoinama tu kushika majani nisianguke, kifua kikabana, masikio yakalia, magoti yakaisha nguvu. Ndipo mkono ukanikamata nguo kwa nyuma, ukanivuta juu na kunibwaga kwenye mawe. Mama Sifa! Alikuwa ameona kutoka kibandani kwake.

"Ukiinama unakufa! Lete kamba!"

Kamba ya chukudu ilikuwa imening'inia ukutani, nikaileta mbio. Akajifunga kiunoni, akaniwekea ncha yake mikononi.

"Nikianguka, vuta. Weye usishuke. Hata iwe nini, usishuke."

Akavuta pumzi ndefu, akafunga mdomo, akashuka amesimama wima, kidevu juu, kama mtu anayevuka mto wenye maji ya shingo. Alipomfikia mtoto alichuchumaa mara moja, akamnyakua kwa gauni, akamwinua juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, akaanza kupanda. Hatua tatu, nne. Kisha magoti yakakataa. Alimsukuma Solange juu ya ukingo, na yeye mwenyewe akaanguka chini. Nikavuta! Nikavuta huku ninapiga kelele. Majirani wakaja mbio, wakashika kamba pamoja nami. Mmoja wao alikuwa kati ya waliovunja mlango wa Mama Sifa. Tukamtoa.

Midomo ya Solange ilikuwa ya bluu. Ndugu zangu, maombi yangu yote ya kelele yaliniponyoka, yakabaki maneno machache tu: "Yesu, mwenye kosa ni mimi." Nikayarudia, nikayarudia. Nikasikia upepo shingoni, upepo mdogo ukishuka kutoka mlimani. Mtoto akakohoa. Akakohoa tena, akalia! Sijawahi kusikia wimbo mzuri kama kilio kile! Mama Sifa alichelewa zaidi. Alitapika, akafungua macho, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mutoto anapumua?"

Nikapiga magoti juu ya yale mawe. Nikamwambia, "Mama, lile jina la Solange hukulitaja. Nilisema uongo." Akanishika mkono. Ndipo nikamwuliza lile swali nililopaswa kumwuliza tangu mwanzo: ule moto wa alfajiri ulikuwa wa nini?

"Nilikuwa ninapima," akasema. "Moto ukizimika, muntu naye anazimika. Tangu weye ulifika hapa, kila asubuhi ninapima, kabla mutoto aamuke."

"Na midomo, Mama? Ulikuwa unasema nini?"

"Ninaombea nyumba yenu."

Haleluya! Yule niliyemwita mchawi alikuwa mlinzi wa mlango wangu!

Jumapili iliyofuata nilisimama katika kikundi kile kile, nikaungama yote, na ule uongo nikautaja neno kwa neno. Wengine walitoka nje. Kiongozi alikasirika, akasema ninaaibisha kazi ya Mungu. Sikurudi nyuma! Nilikwenda kwa wale vijana, nyumba moja baada ya nyingine. Wawili walinifukuza. Wengine walikuja wakatengeneza mlango, wakamrudisha Mama Sifa nyumbani kwake wakimshika mikono. Tukazungushia bonde ukuta wa mawe. Baadaye majivu yaliua maharage misimu miwili, tukashuka wote Kiringye kwa wazazi wangu. Mama Sifa yuko kule hata leo. Analalamikia mbu na joto, anasema kwetu hakuna mlima wa kumwambia hali ya hewa. Solange analala kwake na hataki kitanda kingine.

Ndugu zangu, bamama na bapapa, katika mji huu wa Uvira na huko uwandani mwa Ruzizi kuko wazee wanaokula peke yao kwa sababu ya neno lililotoka katika kinywa kama changu. Mtoto aliugua, ng'ombe alikufa, mvua ilikataa, na mtu akamwonyesha kidole mama mzee. Pengine kidole kile ni chako. Mungu aliyeniokoa mimi mwongo hashindwi na wewe. Mwamini! Anasamehe kweli, nami ni shahidi. Lakini usiishie kulia hapa kwenye benchi. Nenda leo kwa yule mama, keti naye, mwulize lile ambalo hukuwahi kumwuliza.

Ibada ikiisha nitasimama pale mlangoni. Kama unaogopa kwenda peke yako, njoo unishike mkono, tutakwenda wawili.