Bawabu Mpya wa Askofu

Kwenye treni ya asubuhi, mama mmoja aliyeketi mbele yangu alimlalamikia mzee wa kiti cha kando yake: mara tatu amemfuata Askofu atie saini kibali cha bintiye kufunga ndoa Jumamosi, mara tatu ameambiwa hayupo.

“Yupo, mama,” mzee akasema, akijivuna kama mwenye funguo za mbinguni. “Mimi ndiye bawabu wake mpya. Akiwa anaandika kitabu, tumeagizwa tuseme hayupo.”

“Kitabu gani hicho, baba?”

“Cha dhambi ya uongo. Kafika sura ya tisa.”

“Makubwa! Na anayewatuma wenzake waseme uongo, yumo sura ya ngapi?”

“Hiyo bado hajaifikia.”

“Haya, na leo utaniambiaje?”

Treni ikasimama kituo cha karibu na kwa Askofu. Nimetembea nchi nyingi, sijaona mzee akikimbilia lango la Askofu namna ile, na mama nyuma yake, viatu mkononi.