Mstari Mtupu wa Saa Kumi na Moja

Ndugu waombolezaji, na hasa ninyi wakubwa wa polisi mliokaa viti vya mbele, nani alikuwa kazini kwenye kivuko cha wanafunzi mbele ya kituo chenu, Jumanne tarehe 11 Juni 2024, kati ya saa kumi na moja kamili jioni na saa kumi na moja na dakika ishirini? Lishikeni swali hilo, nitalirudia, kwanza niwasomee maisha ya baba yangu kama familia ilivyonituma, mimi binti yake wa kwanza, mwenye digrii ya takwimu na muda wa kutosha, maana hakuna ofisi inayonisubiri.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akaanza darasa la kwanza mwaka 1977, akamaliza kidato cha nne mwaka 1987, akalinda ghala la unga kwa miaka miwili, na tarehe 5 Februari 1990 akajiunga na polisi, ambako shangazi anasema alirudi likizo ya kwanza akikunja hata matambara ya jikoni pembe nne sawasawa. Alipangiwa kaunta, akakabidhiwa daftari la matukio, lile kubwa ambalo askari husaini anapoingia zamu na anapotoka, na kwa miaka thelathini na nne hakuwahi kusaini kutoka kabla anayempokea hajasaini kuingia, ndiyo maana chakula cha jioni kwetu kililiwa kikiwa kimepoa, naye akiingia anasema tu, "Zamu imepokelewa," kisha ndipo anavua kofia.

Mwaka 1993 alifika kaunta fundi cherehani kuripoti wizi wa mashine yake, marehemu akaandika kurasa tatu, mpaka rangi ya uzi uliokuwa kwenye sindano, cherehani haijaonekana hadi leo, lakini marehemu, aliyejifanya mpelelezi, alikwenda kwake kila Ijumaa "kumjulisha mlalamikaji maendeleo ya upelelezi," na Jumamosi tarehe 17 Desemba 1994 mlalamikaji akafunga naye ndoa, ndiye mama yetu huyu hapa, ambaye bado anadai kesi haijafungwa. Walijaliwa watoto watatu, mimi na wadogo zangu wawili.

Mbele ya kituo kuna ukuta wa mawe meusi wenye majina kumi na tisa ya askari waliofia kazini, na kwa miaka kumi na moja marehemu ndiye aliyeusugua kwa brashi na sabuni kabla ya siku ya kumbukumbu, ndiye pia aliyeyasoma majina hayo, polepole, bila karatasi, hata mwaka mmoja jua likanichoma nikamwambia, "Baba, hawa hawasikii, fupisha bwana," akanijibu bila kugeuka, "Wao hawasikii, mama, watoto wao wanasikia."

Marehemu hakuugua, ukiacha goti lililomsumbua, na hapa, jamani, naomba mnivumilie. Siku ile saa kumi na dakika hamsini nilimpigia simu, kesho yake nilikuwa na intavyuu, ya kumi na mbili, na kila intavyuu yeye ndiye aliyening'arishia viatu kwa mate na kitambaa kama buti za gwaride, akitania, "Viatu vitapata kazi kwanza, wewe utavifuata," basi nikamwambia, "Baba, please, leo usianze mambo yako ya kusubiri mtu, saini utoke." Akanisikiliza. Mara moja tu maishani mwake alisaini kutoka kabla ya kupokelewa, saa kumi na moja kamili, kwa sababu yangu, akafika getini, akaona kivuko hakina askari na wanafunzi wamejaa ukingoni, akaweka begi chini, akatoa filimbi. Saa kumi na moja na dakika kumi na nne lori lililokatika breki liliteremka mlima, alipuliza mpaka mtoto wa mwisho akarudi pembeni, yeye hakuwahi kurudi, na saa moja usiku akafariki kwenye meza ya upasuaji.

Juzi Jumatano tukaletewa barua, kwa Kiingereza kilichopigwa pasi, kwamba jina lake halitachongwa ukutani, maana he was off duty, hakuwa kazini, daftari linasema alishatoka. Mimi nimesomea takwimu, ukurasa huo niliusoma wote. Baba katoka saa kumi na moja kamili, aliyempokea kaingia saa kumi na moja na dakika ishirini, katikati pana mstari mtupu, wala kivukoni hakuandikwa mtu. Huyo aliyempokea yuko hapa, mwanawe alizidiwa homa, hatumlaumu, tena yeye ndiye aliyeandika kwa mkono wake kwamba alimkuta koplo, yaani baba, kalala barabarani na filimbi mdomoni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliotupikia na kutufulia, walimu na wanafunzi waliotembea hadi hapa, na askari wenzake wa kaunta, ambao wamelia kuliko wakubwa wao.

Baba, samahani. Viatu nimevivaa leo hivyohivyo na vumbi lake, sikuweza kumpa mtu mwingine avifute. Pumzika, goti lisikuume tena, zamu yako imepokelewa.

Na ninyi wa viti vya mbele, narudi kwenye swali langu. Kama baba hakuwa kazini, basi tajeni aliyekuwa kazini, kwa jina, mbele ya wanafunzi wale. Kama hamna wa kumtaja, chongeni jina la ishirini kabla ya siku ya kumbukumbu, mlisome polepole, bila kufupisha. Mtoto wake anasikia.