Mjomba Geji na Pikapu Iliyogoma Mlimani

Ni miaka thelathini na mmoja sasa tangu Mjomba Geji aanze kuhudumia magari, pampu za maji na kengele ya shule yetu. Tarehe 30 Novemba anastaafu. Jina lake kamili limo kwenye faili ofisini, lakini wanafunzi wote tunamjua kwa hili la Geji, yaani kipimo, kwa kuwa haamini chombo chochote mpaka akipime.

Aliajiriwa kama dereva wa muda, miezi mitatu tu, na hadi leo hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba miezi hiyo imekwisha. Ufundi alijifunza kwa kufungua vilivyoharibika, na kwa kusoma vitabu vya magari alivyoazima maktaba. Viwili vilirudi vikinuka grisi na havijaazimwa tena na mtu mwingine. Spana namba kumi huiita "shemeji", kwa sababu huonekana kila siku isipokuwa siku ya kazi. Matroni, mtani wake mkubwa, husema kwamba Mjomba akialikwa harusini atauliza kwanza gari la maharusi lina presha kiasi gani.

Kati ya yote aliyoyafanya, moja linastahili kusimuliwa kwa urefu. Muhula uliopita pikapu ya shule, ambayo ndiyo hupeleka wagonjwa hospitali, ilianza kukosa nguvu kwenye mlima. Kwenye barabara ya tambarare ilikwenda vizuri. Ikianza kupanda, inakohoa, inatetemeka, inazima. Siku moja ilizima ikiwa na mwanafunzi mwenye pumu, na matroni akamshika mkono hadi lori la mchanga lilipowapa msaada. Mwanafunzi alipona, lakini mwalimu mkuu alibandika tangazo: pikapu itauzwa muhula ukiisha. Hakukuwa na uhakika wa kupata nyingine.

Mjomba alibadilisha filta ya mafuta, kisha pampu. Mlima ukabaki vilevile. Ndipo akakumbuka kwamba safari hii alikuwa amebadilisha vitu kabla ya kupima, jambo ambalo amewagombeza madereva wengine kwa miaka yote.

Alifunga geji ya presha kwenye bomba la mafuta. Gari likiwa limesimama, mshale ulikaa palepale ulipotakiwa. Fundi mwingine angefunga boneti na kuondoka. Yeye aliipitisha geji nje, akaibandika kwa utepe kwenye kioo cha mbele, akamweka matroni kiti cha pembeni na kumwomba asome namba kwa sauti. Matroni alianza kwa madaha, arobaini na tano, arobaini na nne, kama mtangazaji wa mpira. Katikati ya mlima alikuwa amefika kumi na nane na madaha yamekwisha.

Kwa hiyo injini haikuwa na tatizo. Ilikuwa inanyimwa mafuta pale tu ilipoyahitaji mengi. Na kama pampu ni mpya, basi labda pampu nayo inanyimwa umeme. Alipima: injini ikinguruma, kwenye betri volti kumi na tatu na zaidi, kwenye pampu tisa. Aliufuata waya wa pampu hadi chini ya gari, pale unapofungwa kwa bolti kwenye chesisi, fremu ya chuma ya gari, akakuta bolti imekazwa juu ya rangi nyeusi inayong'aa. Rangi hiyo aliipaka yeye mwenyewe, kwa mapenzi, ili pikapu ipendeze kwenye sherehe ya shule. Sote tuliosoma somo la umeme tunajua kwamba rangi huzuia umeme.

Alisugua kwa msasa, akafunga upya. Kazi ya dakika kumi. Hakuna aliyekuwa ameona, na angeweza kusema tu kwamba gari limepona. Badala yake alikwenda kwenye kikao cha wafanyakazi, kofia mkononi.

"Msiiuze pikapu kwa kosa langu," alisema. "Niliipaka rangi pasipotakiwa, na ile pampu nimeibadilisha bure."

Mwalimu mkuu aliuliza kama mlima unapandika.

"Twende ukaone, mwalimu."

Alikwenda, na faili zake mapajani. Walipanda na kushuka mara mbili. Mara ya pili yeye ndiye aliyeomba. Aliporudi alibandua tangazo kwa mkono wake.

Wiki iliyopita pikapu ilimpandisha mlima mwanafunzi mwenye homa kali, dereva mpya akiwa kwenye usukani. Mjomba alibaki karakana. Matroni aliporudi alimkuta amelala kitini, chai imepoa, anakoroma kwa utulivu kabisa.

Tunamshukuru mkewe kwa kutuazima mume muda wote huu, na kwa kufua ovaroli zile. Mjomba, asante kwa kila safari tuliyofika salama. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na siku nyingi zisizo na haraka.