Ersilia Aliyempa Mwoka Mikate Saa Yake

Wewe unayesoma hapa, hebu niambie: mara ya mwisho kupanda kule juu, kwenye lile kanisa dogo lenye dari ya picha, ilikuwa lini? Usijikune kichwa. Unafanya kazi ndani ya ukuta huu wa Papa, au unakaa mtaa wa Borgo, pua na mdomo na lango letu. Watu wanavuka bahari kuja kuona kitu ambacho wewe unakipa kisogo kila asubuhi ukikimbilia kahawa. Huna haya! Nimeombwa niandike sifa za Ersilia Cocciarelli, nami nitaziandika, lakini hasira yangu sitaiacha mlangoni.

Ersilia anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne kwenye dawati la kupanga ziara za Makumbusho. Alikuja akiwa msichana mwembamba, sauti kama tarumbeta, wakampa simu na kiti kilichovunjika mguu. Kiti kilibadilishwa. Sauti ile ile ipo mpaka leo, waulizeni mapadri wa Kalabria waliompigia simu.

Kazi yake ilikuwa kuwapangia watu wasije kuumia bure. Alimwambia kila mtu ukweli wake: Jumapili tumefunga, ila ile ya mwisho wa mwezi, na hiyo usije, utakanyagwa. Njoo Jumatano asubuhi, umati ukiwa uwanjani kwa Papa. Vaa viatu vya kutembelea, si vya harusi. Funika mabega. Ukimwuliza mara ya pili anakujibu vizuri. Ya tatu anakuuliza kama mama yako alikulea kwa maziwa au kwa divai.

Mwaka mmoja kwaya nzima kutoka Sisilia ilifika na kaptura, wanaume kwa wanawake, mapaja nje. Walinzi wakawarudisha. Ersilia akashuka kwangu jikoni kwa wafanyakazi bila hata kubisha, akasomba aproni zangu zote, akawafunga mmoja mmoja kiunoni kama watoto wa chekechea. Wakaenda kuitazama ile picha ya Siku ya Hukumu wakinuka mboga zangu, atichoki za kukaanga. Aproni zilirudi zote. Moja ilirudi na alama ya midomo myekundu ya mtu, mpaka leo sijui ni ya nani.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, lile mnalonong'ona kwenye korido.

Mzee Gualtiero anaoka mikate Borgo tangu kabla ya wengi wenu kuzaliwa. Mmeila yote. Kila mwaka Ersilia alimwambia, “Mzee, nikupangie siku?” Naye kila mwaka alijibu, “Binti, jengo halina miguu, litakimbilia wapi?” Kweli, jengo halikukimbia. Macho yake ndiyo yaliyokimbia. Ni presha ya macho. Daktari amemwambia kabla ya majira ya baridi atakuwa gizani, na hata sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Tena shingo yake, kwa miaka ya kuinamia unga, haiinuki. Mtu kama huyo utamsimamisha katikati ya msongamano umwambie atazame dari? Hapana. Ilibidi alale chali sakafuni, na hapo hakuna anayeruhusiwa kulala.

Mnaijua desturi yetu: anayestaafu hupewa kanisa lile peke yake kwa saa moja, kabla milango haijafunguliwa, aingie na awapendao. Dada yake Ersilia, Nives, alikuwa ameshanunua kofia. Aliposikia kwamba saa hiyo Ersilia anataka kumwingiza mwoka mikate, alipandisha hasira: “Picha ya ukoo wetu, halafu mzee amejinyoosha katikati kama samaki sokoni? Chagua. Sisi, au yeye!”

“Nyie mtaona hata mwakani,” Ersilia akamjibu. “Kofia itunze.”

Nives hajampigia simu tangu siku hiyo. Nasi badala ya kumshika mkono mwenzetu, tumekaa kusema eti amewavunjia heshima ndugu zake. Ndugu gani hao? Heshima ipi? Nyamazeni!

Nilikwenda nao Jumanne iliyopita kubeba godoro. Tukamlaza. Ersilia akapiga magoti kichwani pake, akamwongoza kama alivyowaongoza watu kwenye simu maisha yake yote. “Kushoto, Mzee. Kidogo. Rudi. Hapo, umeuona mkono?”

Mzee akakunja macho, akautafuta.

“Ni mkono wa Mungu huu?”

“Ndiyo.”

“Huu mkono umekanda unga,” akasema. “Tazama bega lile. Huo ni mkono wa mtu wa kazi.” Halafu akaanza kulia na kututukana. “Majirani wabaya nyie! Kumbe kiko hiki, na hamkuniambia!”

“Tulikuambia, mpumbavu wewe!” nikamjibu, nami nalia. “Tumekuambia mpaka mate yakakauka!”

Ersilia alikishika kile kichwa cheupe kwa mikono miwili, akakigeuza polepole kuelekea picha inayofuata. Walinzi walipokuja kufungua, mzee alikuwa bado anasema, “Ngojeni, sijamaliza.” Hakumaliza. Umati uliingia.

Ersilia, mwanangu, ahsante kwa kila mgeni uliyemwokoa na jua, na kwa yule mmoja wa mtaani kwetu. Mungu akupe miguu isiyovimba, meza yenye watu wa kula nao, na dada mwenye akili kuliko uliye naye sasa. Nenda ukapumzike. Simu ikilia, iache ilie.

Na wewe msomaji, Jumatano hii panda juu. Simu yako ya picha iache mfukoni. Nenda mpaka mbele, inua macho juu ya madhabahu, umtazame Nabii Yona pale darini vizuri: miguu yake, uso wake, samaki wake, kila kitu. Halafu shuka moja kwa moja mpaka Borgo, kwenye duka la mikate, ukamsimulie Mzee Gualtiero. Muda ulimwishia kabla hajafika kwa Yona.