Risala ya Majirani wa Mfongoni kwa Ajili ya Sauti ya Filemon

Mgeni rasmi, Ndugu Sirili, mfanyabiashara wa Himo na mkwe wetu, Mchungaji wetu, wazee wetu, shikamooni, na majirani wote mliokatiza migombani kuja hapa uwanja wa kanisa:

KUKUPOKEA

Karibu Mfongoni, na pole kwa njia. Gari lako tumeliona limeachwa kule chini darajani, na viatu vyako tunaviona pia. Mvua za El Nino ziliichukua barabara na hazikuirudisha.

Kushoto kwako ameketi jirani yetu Filemon, ambaye ndiye sababu ya sisi kukuita. Tunakuomba ukiongea naye, uongee kawaida. Wengi wetu hapa humpigia kelele kama kiziwi na kumwonyesha mambo kwa vidole. Masikio yake ni mazima kabisa, na husikia hata yale tunayomsema nyuma ya migomba.

Sisi ni Umoja wa Majirani wa Mfongoni, Walutheri na Wakatoliki, kaya zinazokunywa mfereji mmoja. Kazi yetu ni kuzika, kuozesha na kuzibua mfereji. Kuchangia sauti ya mtu hatujawahi, kwa hiyo utuvumilie tukichanganya mambo.

SAUTI TULIYOKUWA NAYO

Mgeni rasmi, Filemon unamjua. Aliuza mitumba pale soko la Himo tangu marobota yalipoanza kuruhusiwa, na meza yake ilikuwa mbele ya duka lako la vifaa vya ujenzi. "Shati la bwana harusi hili! Bwana harusi mwenyewe kakimbia!" Watu walisimama wakicheka, na wakishasimama waliingia kwako kununua misumari. Hatusemi kwamba una deni. Tunakumbushana tu.

Jumapili sauti ile ile aliileta hapa bure. Sadaka ya asiye na fedha ni yai, jogoo au mkungu wa ndizi, na baada ya ibada hupigwa mnada. Anayenunua hurudisha, kitu kinauzwa tena, hivyo hivyo mpaka watu wachoke. Wewe mwenyewe, pamoja na Ukatoliki wako, siku moja ulimsindikiza mkeo ukasimama mlangoni ili uwahi kuondoka. Filemon akainua yai. "Yule bwana wa suruali ya pasi ametikisa kichwa, nimemwona!" Maskini, ulikuwa unafukuza nzi. Uliondoka umelipa bei ya mbuzi, na yai ukalirudisha. Mpaka leo tukikumbuka tunacheka.

Halafu kulikuwa na jioni za siku ya soko. Filemon akitoka Himo, akifika ng'ambo ya korongo, kabla hajaanza kushuka alisimama akaita: "Mae!" Yaani mama. Mama yake, Bibi Elisaria, ambaye haoni tangu kitambo, aliitika kutoka jikoni, na kina mama wa Mfongoni nzima tukajua ni wakati wa kubandika ndizi. Hatukuhitaji saa. Sasa ndizi zetu zinaiva mapema au zinachelewa, na hakuna anayejua kwa nini anasikia upweke jioni ile mpaka akumbuke kwamba leo ilikuwa siku ya soko.

TULIYOFANIKIWA

Filemon alipata saratani ya koo. Madaktari wa Moshi walimpasua wakaiondoa, na kiungo cha sauti kikaondoka nayo. Akapelekwa Dar es Salaam kwa mionzi. Kila kaya ilitoa kahawa yake, ingawa bei mnaijua, na hao wanunuzi binafsi wanaokuja na mizani zao mnawajua pia. Vijana walipalilia migomba yake, kina mama walimkatia majani ya ng'ombe. Mungu akasaidia, saratani imeisha. Daktari alituambia, na tulipomwomba arudie alirudia.

Tulipiga vigelegele. Tulichinja. Tukadhani kazi imekwisha, kila mtu akarudi shambani kwake.

YASIYOPONA

Mgeni rasmi, mtu akishapona watu huacha kumuuliza. Hapo ndipo Filemon alipobaki peke yake.

Anapumua kwa tundu lililopo shingoni, chini ya kile kitambaa cheupe. Vumbi la soko likiingia humo hakuna pua ya kulizuia, kwa hiyo Himo hawezi tena, na hata angeweza, mitumba haiuzwi kimya. Baridi ya huku juu inamkohoza usiku kucha. Moto hawezi kuupuliza. Chai hawezi kuipoza. Kahawa ilipochanua tulimwona amesimama shambani ameshika ua mkononi, na harufu haimfikii.

Mnada tulimpa Elimringi. Ni mtu mwema, lakini akinadi jogoo unamwonea huruma jogoo. Sadaka imeshuka, na watu huondoka mapema.

Hapa inabidi tueleze habari ya filimbi, kwa sababu utaiona na utajiuliza. Mwaka jana tulikaa kikao tukasema, mtu asiye na sauti anahitaji filimbi. Tukachanga, tukaagiza mjini ile ya refa, nzuri, yenye kamba, tukampelekea kwa wimbo. Filemon akaitia mdomoni. Kimya. Kikao kizima, wazee kwa vijana, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba pumzi yake haipiti tena mdomoni! Tulitamani ardhi itumeze. Yeye alicheka, mabega yakimtikisika bila mlio wowote, mpaka machozi yakamtoka. Kisha akamvalisha mama yake ile filimbi.

Tangu siku hiyo Bibi Elisaria ndiye anayeita. Jioni hupuliza filimbi kutoka jikoni, na Filemon huja, popote alipo, akamshika mkono. Sisi wengine tumejifunza kusoma midomo yake; mkewe Martha anaisoma hata gizani, anasema. Bibi haoni midomo. Katika Mfongoni nzima, yeye peke yake ndiye ambaye Filemon hajamwambia neno tangu siku alipopelekwa kupasuliwa. Tulijaribu kumfariji, tukamwambia, "Mama, si umemshika mkono? Ni yeye." Akatujibu, "Mkono ni wake, ninaujua. Lakini mkono hauniiti."

MAOMBI YETU

Kipo kifaa. Ni kidogo, cha betri, mtu hukiegemeza shingoni na kutembeza midomo, na maneno yanatoka. Hospitalini kilikuwepo kimoja cha kujaribishia, na daktari alimpa Filemon akishike. Martha alikuwepo. Angeweza kusema chochote. Alisema, "Mae." Mama hakuwepo, alikuwa huku, jikoni kwake. Kisha kifaa kikarudishwa kabatini kwa ajili ya wagonjwa wengine, ambayo ni haki. Martha anasema kuanzia hapo mpaka Mfongoni, Filemon hakutembeza midomo tena.

Chake yeye kitaagizwa Ulaya. Bei imeandikwa kwenye karatasi iliyopo mezani kwako, pamoja na ya betri na vichujio vya kufunika tundu ili asivute vumbi. Hatutaisoma hapa, kwa sababu mama yake anasikia, na ameshaanza kuuliza ng'ombe wake anaweza kuuzwa kiasi gani.

Tunakuomba, kwanza, utusaidie kumalizia bei hiyo pale kahawa yetu ilipoishia. Pili, ile nafasi ya meza yake mbele ya duka lako, tafadhali usimpe mtu mwingine bado. Tatu, leo tutapiga mnada. Ukinunua, urudishe, kama siku ile. Na ukiona nzi, mwache.

Tulimweleza Bibi Elisaria ukweli. Tulimwambia sauti hiyo haitakuwa ile ya ng'ambo ya korongo. Ni ya mkwaruzo, kama redio yenye betri zilizochoka, na huenda asiitambue. Akasema, "Ninyi iacheni ije. Mimi nilimtambua hata kabla hajajua kusema."

Ameketi safu ya mbele, mgeni rasmi, mwenye kanga ya bluu, filimbi shingoni. Ametuahidi kwamba jioni atakayoitwa ataivua filimbi hiyo, na Jumapili inayofuata ataileta hapa mnadani, na atakayeinadi ni Filemon. Tunakuonya mapema: haitauzwa kwa bei ya yai. Tunakuomba uje. Mpaka jioni hiyo ataendelea kupuliza, na kila akipuliza sisi sote tunaacha tunachofanya.

Mungu akulinde njiani kushuka, aibariki nyumba yako na biashara yako, na akujalie kuitwa jina lako na wale unaowapenda.

Ni sisi,
Umoja wa Majirani wa Mfongoni,
Juni 1998.
Imesomwa kwa niaba yao na Gladys, katibu.