Muswada Nambari Kumi na Nne

Ndunda, funga mlango, kuku wanaingia. Mutanu, andika ninavyosema, usinisahihishe. Hospitali wamenirudisha hapa Mitaboni na sote tunajua kwa nini.

Shamba la juu ni lako, Ndunda, pamoja na ng'ombe. La chini ni la dada yako Mutanu, na asije mtu kumwambia msichana harithi. Sanduku la bati lililo chini ya kitanda hiki ni la Mutanu peke yake, nalo ndilo lililonifanya niwaite.

Nilipoanza kufundisha fasihi tuliambiwa hadithi ni kioo cha jamii, tukawa tunatafuta funzo kila ukurasa. Baadaye nikasoma wahakiki waliosema mwandishi awekwe kando, maneno yaliyo kwenye karatasi yanatosha, na wazo hilo nikalishika kama dini. Ndiyo maana nilipoongoza majaji wa lile shindano la hadithi niliagiza majina yafunikwe, kila muswada uwe na nambari tu.

Nambari kumi na nne ilisimulia mwanamume anayetoka kumzika mkewe, akaketi kusahihisha mitihani, asiwaambie watoto neno. Niliandika kwa kalamu nyekundu: 'Baba huyu haaminiki. Hakuna mzazi wa namna hii.' Nikaikataa. Majina yalipofunuliwa nikaona lako, Mutanu, mwaitu, wewe ninayekuita 'mama' hivyo kwa kuwa una jina la mama yangu. Jioni uliniuliza mezani, 'Baba, nyinyi majaji mlisemaje?' Nikajibu, 'Mchuzi unapoa.' Hujaandika tena, miaka kumi na mmoja sasa.

Wapo wanaosema hadithi hukamilishwa na msomaji. Uliipeleka pale ili niisome mimi, nami sikuijua nyumba yangu mwenyewe. Silii. Hata siku tuliyomzika mama yenu machozi hayakuja. Nilihesabu karatasi za mtihani, zilikuwa arobaini na mbili.

Sikilizeni, pumzi inakatika. Siku ya mazishi mwalimu mwenzangu Bartholomew atataka kusoma wasifu wangu, shule nilizofundisha na vyeti. Ndunda, mkatalie. Isomwe nambari kumi na nne, iliyo ndani ya sanduku lile, yote, na jina la mwandishi litajwe kwanza. Maandishi yangu mekundu msiyafute.

Mungu awape kusema mapema kuliko mimi. Maji... hapana, acha.

Mutanu, mbona kalamu imesimama? Andika. Baba yule... anaaminika.